John Kirk, daktari aliyeacha jina lake juu ya miti yetu

Ukipanda matatu Kisumu, ukapitia Mamboleo na Miwani hadi Chemelil, kisha ukashuka hapa Muhoroni, karibu njia nzima utaona miwa kushoto na miwa kulia. Miti mikubwa imebaki kando ya mito, kwenye maboma ya watu, na kule juu kwenye milima ya Nandi. Sasa siku ukipita chini ya mti mzee, hebu inua macho. Ukibahatika utaona majani mazito yanayong'aa kama plastiki, yamekaa kwenye tawi, na mizizi ya kijivu inayoning'inia hewani kama waya za chaja. Watu wengi watakuambia huyo ni kupe wa mti, muondoe. Si kupe. Ni okidi.

Na kuna mmoja wa ukoo huo, anayeota pwani yetu, ambaye kwa wataalamu anaitwa Aerangis kirkii. Huyo Kirk ndiye nataka tumwongelee leo. Jina lake kamili ni John Kirk, daktari kutoka Scotland, na ukianza kumfuatilia utachoka. Yuko kwa ua. Yuko kwa yule kima punju mwenye nywele za kuchekesha pale Jozani, Zanzibar. Yuko kwa digidigi anayekurupuka kwenye vichaka vya Tsavo. Yuko kwa mtambaazi wa msituni unaotoa mpira. Halafu ana mkono wake kwenye reli inayopita hapa stesheni ya Muhoroni, na hiyo ndiyo ilinifanya niache kila kitu nikasome habari zake.

Alizaliwa Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, mashariki ya Scotland, baba yake akiwa mhubiri. Akasomea udaktari Edinburgh, akamaliza 1854. (Mimi chuo niliachia katikati, kwa hivyo nampa heshima yake hapo.) Muda si muda akapelekwa hospitali ya vita vya Crimea, kule Uturuki. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mimea. Kuna watu wa aina hiyo: unamtuma dukani maziwa, anarudi na jani mfukoni.

Mwaka 1858 David Livingstone alikuwa anatafuta watu wa kwenda naye mto Zambezi. Kirk akachukuliwa kama daktari na mtaalamu wa mimea. Usifikirie ilikuwa safari ya picha nzuri. Mashua yao ya mvuke ilikuwa inavuja na kumeza kuni kama haina adabu. Mto wenyewe ulikuwa umezibwa na maporomoko ya Cahora Bassa, ambayo Livingstone alikuwa ameahidi serikali yake kwamba yatapitika. Hayakupitika. Mwaka 1860, kwenye hayo maji, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Yeye alitoka hai, lakini daftari zake na michoro ya mimea aliyoikusanya kwa miaka miwili vikaenda na maji. Simu yako ikianguka chooni unalia wiki nzima. Sasa fikiria huyu, bila nakala popote, akianza tena kuchora jani la kwanza.

Stori ninayoipenda zaidi ya Zambezi ni ya mswaki. Wenyeji wa huko walikuwa wanapaka mishale yao sumu ya mtambaazi mmoja uitwao kombe. Kirk aliichukua kidogo kwa uchunguzi, akaiweka kwenye mzigo mmoja na mswaki wake. Siku moja anapiga meno, anasikia uchungu mkali mdomoni, halafu anaona mapigo ya moyo wake yameshuka. Mtu wa kawaida angetupa mswaki na kusali. Yeye alikaa akayahesabu. Sampuli zikafika Edinburgh, ambako profesa Thomas Fraser aliichambua sumu hiyo, na kutoka hapo ikatengenezwa dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kwa miaka mingi. Mmea ukaitwa Strophanthus kombe. Angalau hapo jina la wenyeji lilibaki. Wale waliomwonyesha mmea, waliojua kiasi gani cha kupaka na mnyama ataanguka baada ya hatua ngapi, majina yao hatuna.

Utaona hilo linajirudia maisha yake yote, kwa hivyo liweke kando tutarudi.

Alirudi Uingereza 1863 akiwa amechoka na Livingstone kuliko alivyochoka na mto. Lakini mwaka 1866 akawa amepata kazi Zanzibar kama daktari wa ubalozi wa Uingereza. Alikaa miaka ishirini, akapanda kutoka daktari hadi balozi mkuu. Akaoa hukohuko, akazaa watoto, akawa na kamera enzi ambazo kamera ilikuwa mzigo wa mtu mzima kubeba. Kule Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe, akawa na shamba lake na bustani ya kujaribia mimea. Alikuwa anatuma sampuli Kew, ile bustani kubwa ya London, boksi baada ya boksi. Ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba sandarusi, ile gundi ngumu iliyokuwa inachimbwa ardhini pwani kutengenezea vanishi, inatokana na mti uleule ambao bado unaota, si mti uliopotea. Ndiye pia aliyewaandikia Kew kuhusu mtambaazi wa mpira wa pwani, na mtambaazi huo ukapewa jina lake.

Na kati ya mimea ya pwani yetu iliyofika mikononi mwa wataalamu wa Ulaya kwa njia yake ndimo lilimo lile ua.

Ngoja nikueleze hili ua, maana bila kulielewa utadhani ni pambo tu. Mwaka 1865 Mjerumani mmoja, Heinrich Gustav Reichenbach, aliyekuwa mfalme wa okidi enzi zake, alitunga jina la jenasi Aerangis kutoka Kigiriki. Maana yake ni kama chombo cha hewani. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 50, karibu zote za Afrika na Madagascar na visiwa vya karibu. Ile ya Kirk, Reichenbach aliiona kama aina tu ya okidi nyingine. Baadaye Mjerumani mwingine, Rudolf Schlechter, akaiweka kwa Aerangis kama spishi inayojitegemea.

Ukiwa na mmoja mkononi (kwa macho tu, tafadhali) utaona shina ni fupi, linakua kwenda juu tu, halina vile vinundu kama vitunguu ambavyo okidi nyingine huwa navyo vya kuwekea maji. Majani yamepangwa safu mbili. Ncha ya jani haichongoki kama majani mengi, imegawanyika kama mkia wa samaki, na upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine, kana kwamba fundi alikata haraka akaenda chakula cha mchana. Hiyo ncha ni alama mojawapo unayoweza kuitumia kuwatambua ukoo huu hata kama hauna maua.

Mizizi ndiyo ujanja wenyewe. Hakuna udongo kule juu, kwa hivyo mzizi umevaa koti nene la seli zilizokufa, jeupe, kama sponji. Mvua ikinyesha dakika kumi, sponji inafyonza yote, na mzizi unageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu koti likilowa mwanga unapenya hadi ndani. Ule ukijani ni kazi: mzizi unajipikia chakula kama jani. Mvua ikiisha koti linakauka, linarudi kijivu, na linazuia maji yaliyo ndani yasitoroke. Mti wenyewe haunyonywi hata tone. Mzizi umeshika gamba tu, unaokota vumbi, majani yaliyooza na kinyesi cha ndege. Ni mpangaji anayekaa kwenye veranda na analeta maji yake mwenyewe.

Halafu ua. Jeupe, kama nyota, kadhaa kwenye kikonyo kimoja kinachoning'inia. Nyuma ya kila ua kuna mrija mwembamba unaoshuka chini, kwa huyu wa Kirk sentimita 6 hivi au 7, na asali iko kwenye ncha kabisa. Nani atafika hapo? Nyuki hafiki. Kuna nondo wakubwa wa usiku, wale wanaosimama hewani kama helikopta, wenye ulimi mrefu wa kujikunja. Ndiyo maana ua ni jeupe, ndiyo maana halinuki mchana: linasubiri giza. Nondo akizamisha ulimi, vifurushi viwili vya chavua vinamnatia kwa gundi, anaenda navyo ua linalofuata. Mbegu zikikomaa ni vumbi tupu, nyepesi hivi kwamba upepo unazibeba mbali, lakini hazina akiba yoyote ya chakula. Mbegu isipokutana na kuvu wa aina yake kwenye gamba la mti, haioti. Kwa hivyo okidi ikiota juu ya mti ujue mambo mengi yalikubaliana: gamba, kuvu, unyevu, na nondo wa usiku.

Huku kwetu magharibi ua la Kirk halioti, ni la nchi ya chini kule pwani. Lakini tuna ndugu yake, Aerangis luteoalba, ile aina yenye kidoti chekundu katikati ya ua. Ni dogo, linapenda vitawi vyembamba vinavyoning'inia juu ya mito ya nyanda za juu. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalitamani vibaya.

Turudi Zanzibar, maana huko ndiko Kirk alipoacha kuwa mtu wa majani tu.

Alipofika, soko la watumwa lilikuwa wazi pale Mkunazini. Watu walikuwa wanaletwa kutoka bara, kutoka Ziwa Nyasa na kwingine, wanauzwa kama mbuzi mchana kweupe, halafu wanapelekwa kwenye mashamba ya karafuu au wanavushwa bahari kwenda Uarabuni. Mwaka 1872 dhoruba kubwa ikapiga kisiwa, ikalaza mikarafuu na minazi ya Unguja na kuvunja meli za Sultani. Barghash bin Said alikuwa kiti hicho miaka miwili tu na tayari amefilisika. Mwaka uliofuata Uingereza ikamtuma Bartle Frere kumtaka asaini mkataba wa kufuta biashara hiyo baharini. Barghash akakataa, na ukimwangalia kwa hesabu ya kiti chake unaelewa kwa nini: wenye mashamba na wafanyabiashara ndio waliomshikilia. Frere akaondoka mikono mitupu.

Kazi ikabaki kwa Kirk. London ikamwandikia amwambie Sultani kwamba asiposaini, manowari zitafunga kisiwa, hakitaingia kitu wala kutoka. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akasaini. Soko likafungwa, na kanisa la Anglikana likajengwa hapohapo lilipokuwa. Ukienda Mji Mkongwe leo utaliona.

Sitaki kumpunguzia hilo. Soko lilifungwa na watu waliacha kuuzwa pale. Lakini usimpe pia zaidi ya alichofanya. Wafanyabiashara walihamia njia za nchi kavu, wakawa wanawatembeza watu kwa miguu kufuata pwani, mpaka amri nyingine ikatoka 1876. Utumwa wenyewe, yaani mtu kuwa mali ya mtu, uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi 1897, na kwenye pwani yetu ya Kenya hadi 1907. Na mkataba ule ulipatikana kwa mtutu wa bunduki. Ukitaka kujua nguvu za Uingereza zilianzia wapi Afrika Mashariki, anzia chumba kile.

Kinachoshangaza ni kwamba baada ya hapo Barghash na Kirk wakawa karibu sana. Sultani alimsikiliza balozi kuliko mawaziri wake. Kirk alikuwa anamhakikishia kwamba Uingereza iko nyuma yake, na nadhani mwenyewe aliamini. Kisha mwishoni mwa 1884 akaja Mjerumani, Karl Peters, akapita bara la Tanganyika akikusanya alama za machifu kwenye karatasi wasizoweza kusoma. Berlin ikazikubali karatasi hizo. Barghash alipolalamika, Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Akamgeukia rafiki yake Kirk. Na Kirk alikuwa na amri kutoka London: Uingereza haitaki ugomvi na Ujerumani, mshauri Sultani akubali.

Akamshauri. Sultani akakubali.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa na ramani. Barghash akaachiwa visiwa na ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Halafu wakachora mstari kutoka mto Umba, kule karibu na Vanga, mpaka ufuo wa Ziwa Victoria. Kaskazini kwa Mwingereza, kusini kwa Mjerumani. Angalia ramani uone Muhoroni iko wapi. Mababu zetu wa bonde la Nyando, Mjaluo na Mnandi, walikuwa wanachunga ng'ombe na kuibiana ng'ombe kama kawaida, hawajui kwamba kuna kalamu imepita. Mwaka huohuo Kirk aliondoka Zanzibar. Barghash alifariki 1888.

Hapa ndipo lile swali la kupe linanirudia. Mpangaji wa mti na mnyonyaji wa mti ukiwaona kwa mbali wanafanana. Wote wako juu ya tawi la mwenyewe, wote wana majani ya kijani. Lazima upande uangalie mzizi umeingia wapi. Kirk kwa Barghash alikuwa nini? Wanaomtetea husema alikuwa mtumishi, alitii, na moyo ulimuuma. Naweza kukubali kwamba ulimuuma. Lakini mzizi wa serikali iliyomtuma ulikuwa umeingia ndani ya mti, na yeye ndiye aliyeuelekeza kwa miaka ishirini, kwa upole na kwa urafiki. Kwangu hilo linatosha kutomuita mpangaji tu.

Baada ya Zanzibar hakupumzika. Alikuwa mwakilishi wa Uingereza kwenye mkutano wa Brussels wa 1889 hadi 1890 uliojadili utumwa, na tangu 1895 akaketi kwenye kamati ya London iliyosimamia ujenzi wa reli ya Uganda. Umeona sasa. Reli ikaanza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikapanda Mau, ikateremka Fort Ternan, ikapita hapa Muhoroni, na Desemba 1901 ikagonga maji ya ziwa Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wanandi waliipinga reli kwa miaka, hadi Koitalel Arap Samoei alipouawa kwa hila Oktoba 1905.

Na injini za mwanzo zilichoma kuni. Sidhani kuna kitu kinanikera kwenye stori hii kama hicho. Mtu aliyeokota majani tangu utotoni akakaa kwenye kamati ya mashine inayokula miti. Kando ya reli misitu ikakatwa kulisha injini, kisha yakaja mashamba ya walowezi, kisha miwa. Kirk alikufa Januari 1922 akiwa na miaka 89, nyumbani kwake Sevenoaks, Uingereza. Mwaka huohuo kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa, cha kwanza Kenya. Cha Muhoroni kilikuja miaka ya 60.

Mti wa asili ukikatwa, okidi haihamii kwa muwa. Muwa hauna gamba la kushikwa, na ndani ya miezi kumi na nane hivi unakatwa. Kwa hivyo waliobaki wako kwenye mikuyu ya kando ya mto, kwenye miti ya makaburi, kwenye mti ambao nyanya ya mtu alikataa usiguswe. Wanaouza maua kando ya barabara wanajua hilo, na ndiyo maana wengine hupanda kuwang'oa. Okidi zote za porini ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo kumsafirisha nje bila kibali ni kesi. Na hata ukimleta tu nyumbani ukamzika kwa udongo wa kopo, mizizi itaoza kwa kukosa hewa.

Ukikuta tawi limeanguka na mvua na okidi iko juu yake, usimbandue. Kata kipande cha tawi, kifunge kwa kamba ya katani kwenye mti ulio hai, upande wenye kivuli, mahali ambapo mvua inafika. Mizizi itachukua miezi kadhaa kushika gamba jipya. Msimu ukifika, nenda saa mbili usiku na tochi, simama chini yake. Harufu inashuka kabla hujaliona ua, na asubuhi itakuwa imeisha.